Kofia yenye msumari: ilitoka Tabora ama ilitoka Ulaya?

Katika vitu vya zamani ambavyo familia zetu za Uvira zinaweka ndani ya masanduku, viko vile ambavyo asili yake haina mabishano: ngoma, mkuki, kinu cha bibi, kiti cha mzee wa ukoo. Viko vingine vilivyoingia kwetu kwa njia ya vita na ya ukoloni, na juu ya hivyo watu wanasema mengi mbele ya kuviangalia. Katika mwezi wa nane 2006 familia moja ya hapa ilituletea kitu cha namna hiyo, kimefungwa ndani ya kikwembe cha zamani. Tulipofungua tulikuta kofia ya vita, ile tunaita kaske, ya ngozi nyeusi. Mbele yake kulikuwa na ndege mkubwa wa shaba ya manjano amefungua mabawa, na juu kwenye utosi imesimama ncha kali ya shaba ileile. Watoto wa nyumba ile waliiita «kofia yenye msumari», na sisi tutaiita vilevile.

Habari ya familia ilikuwa fupi, na yenye fahari. Babu yao alikuwa askari wa Force Publique, alienda vitani chini ya Jenerali Tombeur, akaingia Tabora mwaka 1916, akamnyang'anya Mdachi mmoja kofia yake. Miaka yote, wakati wa harusi na wakati wa matanga, kofia ilitolewa ndani ya sanduku ikaonyeshwa wageni. Vijana wa ukoo ule walikomaa wakijua kwamba babu yao alimvua Mdachi kofia.

Shida ilikuwa hii. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa amepita, akaahidi dola 400 kama kofia iko na karatasi ya shirika la utamaduni inayoshuhudia kwamba ilitekwa Tabora, na dola 100 kama haina karatasi. Mwezi wa tisa ulikuwa unakaribia, masomo yataanza, na minervali ya watoto watano ilikuwa haijapatikana. Kaka mkubwa wa familia alikuja na karatasi imekwisha kupigwa mashini. Ilibaki tu muhuri wetu na sahihi.

Tuseme ukweli: ndani ya komite yetu hatukuwa na roho moja. Wengine walisema, kofia hii ni ya Wadachi, Tabora ilikuwa ya Wadachi, sasa nani atauliza zaidi? Pigeni muhuri, watoto wasome. Wengine tuliona haya kushuhudia jambo ambalo hatukulitazama hata siku moja. Tuliomba majuma mawili. Kaka mkubwa hakufurahi, lakini aliiacha kofia kwetu, na tunamshukuru mpaka leo.

Swali la kwanza halikuwa Tabora. Lilikuwa: je, kofia hii ni ya kweli? Kwa maana kofia za namna hii zimetengenezwa nyingi sana nyuma ya vita, za sinema, za tamasha, na za kudanganya wanunuzi. Tuliiweka mezani karibu na dirisha, tukachukua kioo cha kukuzia, tukaangalia ngozi. Rangi nyeusi ya juu ilikuwa imepasukapasuka kama matope ya Ruzizi wakati wa kiangazi, mistari midogo inayokutana. Ngozi mpya iliyopakwa rangi haipasuki hivyo. Ukingo wa mbele na ule wa nyuma ulishonwa kwa uzi mzito, na uzi ulikuwa umechakaa pale ambapo mikono ya watu hushika. Kisha tuliangalia namna ndege ameshikizwa. Nyuma yake kuna vipete viwili vya chuma vinavyopita ndani ya ngozi kwa matundu mawili, na kwa ndani vinazuiwa na vipande vya ngozi vilivyopenyezwa. Hiyo ndiyo kazi ya kofia za askari wa chini. Zile za maofisa zilifungwa kwa skurubu. Na jambo kubwa zaidi: hakuna tundu lingine. Wauzaji wajanja huondoa ndege wa bei ndogo na kuweka wa bei kubwa, na wakifanya hivyo mara nyingi matundu ya zamani yanabaki yakiwasengenya. Kwetu ndege na ngozi walikuwa wamezeeka pamoja.

Basi ilikuwa kofia ya kweli. Lakini ya nani? Hapa tulilazimika kurudi kwenye historia ya kofia yenyewe.

Ilizaliwa Prussia, ufalme wa kaskazini ambao mji wake mkuu ulikuwa Berlin. Mfalme Friedrich Wilhelm wa 4 aliamuru tarehe 23 Oktoba 1842 kwamba askari wake wa miguu waache kofia ndefu za zamani na wavae hii ya ngozi iliyochemshwa na kukandamizwa mpaka ikawa ngumu. Ncha ya juu ilikusudiwa kugeuza upanga wa mpanda farasi ili usipasue kichwa, na kwenye shingo ya ncha kulikuwa na vitundu vya kuingiza hewa. Katika miaka ya mwanzo kofia ilikuwa ndefu mno, na watu waliicheka. Mshairi Heinrich Heine aliandika mwaka 1844 kwamba ncha ile itawavutia radi kichwani. Sisi watu wa milima hii, ambako radi inaua ng'ombe na watu kila mwaka, hatuwezi kumlaumu kwa utani huo. Polepole waliipunguza kimo, 1857, 1860, 1867, mpaka ikakaa vizuri kichwani.

Prussia ilipozishinda Denmark 1864, Austria 1866 na Ufaransa 1870-1871, majeshi mengine yaliona kwamba mshindi huvaa kofia yenye ncha, wakaiga. Hata Bavaria, ambayo ilikuwa na kiburi cha kofia yake yenye manyoya, iliikubali mwaka 1886. Nje ya Ujerumani, Chile waliichukua, Sweden waliichukua, Waingereza wakatengeneza ya kwao ya kitambaa mwaka 1878. Kwa hiyo mtu anayesema «iko na msumari, basi ni ya Wadachi» anakimbia haraka kuliko miguu yake. Msumari peke yake haushuhudii kitu.

Anayeshuhudia ni yule ndege, na maneno aliyoyabeba. Ujerumani ya wakati ule haikuwa nchi ya kipande kimoja. Nyuma ya 1871 kulikuwa na Kaizari mmoja, lakini chini yake kulikuwa na wafalme na watawala wengine, na jeshi la kila nchi kubwa lilihifadhi alama yake. Ukikuta simba wawili wameshika ngao, ni Bavaria. Nyota yenye ngao katikati, ni Saxony. Ukikuta mnyama mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, ni Baden. Kofia iliyo juu ya meza yetu ilikuwa na tai mmoja mwenye taji, mabawa wazi, na kwenye utepe wake maneno ya Kidachi yalisomeka bado: «Mit Gott für König und Vaterland», maana yake, pamoja na Mungu kwa ajili ya mfalme na nchi ya baba. Huyo ni tai wa Prussia. Kifuani alikuwa na herufi FR, ambazo ni Kilatini, Fridericus Rex, yaani mfalme Friedrich. Tai wa namna hiyo alivaliwa na regimenti za kawaida za askari wa miguu. Wale wa gardi ya mfalme walikuwa na nyota kifuani mwa tai, na watu wa mizinga hawakuwa na ncha juu, walikuwa na mpira wa shaba. (Watu husema mpira uliwekwa ili ncha isiwachome wenzao wakiinama kwenye mzinga. Inaonekana ni akili.)

Hapa tulisimama kidogo, kwa sababu mmoja wetu aliuliza swali zuri: je, tai huyu si yule wa serikali ya Kaizari, ambaye alikuwa pia kwenye kofia za askari wa Dar es Salaam na Tabora? Hapana. Tai wa Kaizari ana ngao ndogo kifuani, na taji yake haimgusi kichwa, inaelea juu yake. Askari wa makoloni walikuwa chini ya Kaizari moja kwa moja, hawakuwa wa Prussia wala wa Bavaria, kwa hiyo alama yao ilikuwa ile ya dola. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, lakini ilikuwa ufa wa kwanza ndani ya habari ya Tabora.

Kupata umri wake tulitafuta pembeni, pale ambapo mkanda wa kidevu unashikwa. Tangu mwaka 1897 kila askari wa Ujerumani alivaa vijirida viwili vya rangi, kile cha dola upande wa kuume, cheusi, cheupe na chekundu, na kile cha nchi yake upande wa kushoto. Mbele ya mwaka ule kilikuwako kimoja tu, cha nchi. Kwenye kofia yetu cha kuume kilikuwako, kimekunjwa, rangi nyekundu imebaki kidogo. Cha kushoto kilipotea, lakini mahali pake palionekana wazi, duara ambapo ngozi haikupigwa na jua. Kwa hiyo kofia haiwezi kuwa na umri kuliko 1897, ama kama ni ya zamani zaidi ilirekebishwa. Upande wa pili, shaba ilikuwa ya manjano ya kung'aa na ncha ilikuwa haifunguki. Tangu katikati ya 1915 Wadachi walibadili: vyuma vikawa vya rangi ya majivu visionekane mbali, na ncha ikawa ya kuzungusha na kuondoa. Ngozi nayo ilianza kukosekana, kwa maana ilikuwa inatoka Amerika ya Kusini na meli za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Wakatengeneza kofia za bati, za kitambaa kizito, hata za kizibo. Mwaka 1916 ilikuja ile ya chuma kitupu ambayo kila mtu anaijua kwenye picha za Verdun, na kofia yenye msumari ikaanza kuondoka vitani.

Ya kwetu basi ilikaa kati ya 1897 na 1915. Tungeweza kuishia hapo. Lakini mwenzetu mmoja, mwalimu, aliinama na tochi akaangalia chini ya ukingo wa nyuma, ule unaofunika shingo, na akatuita sote. Pale kulikuwa na alama zilizogongwa ndani ya ngozi, karibu zimefutika kwa jasho. Tulizipaka unga wa chaki, tukapuliza, zikatoka: B.A. IV, kisha 1909, kisha I.R. 27.

Mtu asiyejua ataona ni namba za sanduku. Kwa kweli ni cheti cha kuzaliwa. B.A. ni ghala la mavazi la jeshi, na IV ni kikosi kikubwa cha nne, ambacho makao yake yalikuwa Magdeburg. 1909 ni mwaka ambao ghala liliitoa. I.R. 27 ni regimenti ya askari wa miguu ya 27, iliyokaa mjini Halberstadt. Kofia haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa mali ya ghala, kijana anaivaa miaka miwili ya utumishi wake, anairudisha, mwingine anaivaa. Ofisa alijinunulia ya kwake, nyepesi, yenye shaba iliyopakwa dhahabu, hariri ndani, na mkufu wa vipande vya shaba chini ya kidevu. Ya kwetu ndani yake ilikuwa na vipande vya ngozi kama vidole vinavyofungwa kwa kamba juu ya kichwa, na mkanda wa ngozi tupu. Ilikuwa kofia ya mtoto wa mkulima ama wa fundi, si ya bwana mkubwa.

Na regimenti ya 27 tunajua ilikuwa wapi vita ilipoanza. Pamoja na regimenti ya 165 ilifanya brigedi ya 14, na brigedi ile ilitumwa Ubelgiji. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Agosti 1914 ilijipenyeza kati ya ngome za Liège. Kiongozi wake, jenerali von Wussow, aliuawa njiani, na ofisa aliyekuwa karibu tu kama mtazamaji, Erich Ludendorff, alishika uongozi. Tarehe 7 waliingia mjini. Ngome za mwisho ziliangushwa tarehe 16. Mwezi uleule wa nane Wabelgiji walilia Dinant na Leuven, ambako raia waliuawa kwa mamia na maktaba ya chuo kikuu ikachomwa moto. Ndiyo sababu kwa Mbelgiji wa wakati ule kofia hii ilikuwa na maana nzito. Katika picha zote za gazeti adui alichorwa na msumari kichwani, na aliyepata moja shambani ama kwa mfungwa aliiweka ukutani nyumbani kwake. Hata Wamarekani, walipokuta ghala zima la kofia hizi nyuma ya vita, walizibeba kwa maelfu wakazipanga kama mlima katika barabara ya New York ili watu wanunue mikopo ya serikali.

Hatusemi kwamba kofia yetu ilianguka Liège. Muhuri unasema ghala gani liliitoa, hausemi ilidondoka katika shamba gani, na regimenti ile ilipigana mahali pengi. Tunasema tu kwamba njia yake ilikuwa ya Ulaya.

Sasa turudi kwa ziwa letu. Vita ilifika hapa upesi. Tarehe 15 Agosti 1914 Wadachi walishambulia Mokolobu, kwenye ziwa Tanganyika, na tarehe 22 meli yao Hedwig von Wissmann ikaipiga meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune kule Lukuga, ambako leo ni Kalemie. Mwezi wa tisa waliteka kisiwa cha Idjwi kwenye ziwa Kivu. Mwaka 1916 Tombeur aligeuza vita: Kigali ilichukuliwa tarehe 6 Mei, Usumbura, ambayo tunaiona usiku ikiwaka taa ng'ambo ya maji, tarehe 6 Juni, Kigoma tarehe 28 Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma ya askari walikwenda wabebaji, zaidi ya 200,000 kwa jumla ya vita ile, na wengi wao hawakurudi.

Wale Wadachi ambao Force Publique iliwakuta njiani walivaa nini kichwani? Picha zao ziko, na zinasema jambo moja. Askari weusi wa Schutztruppe walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na kipande cha nguo nyuma kinachofunika shingo, na tai mdogo wa dola mbele. Wazungu wao walivaa kofia za jua zilizofunikwa kitambaa, ama kofia pana za sufi. Kofia ya ngozi nyeusi kwenye jua la Unyamwezi ingekuwa chungu juu ya moto. Labda mtu atasema: ofisa mmoja angeweza kuleta ya kwake ndani ya sanduku kwa ajili ya sikukuu. Angeweza, ndiyo. Lakini angeleta ya ofisa. Kofia ya ghala la Magdeburg, iliyogongwa namba ya regimenti ya Halberstadt, haikuwa na njia ya kufika Tabora kichwani mwa mtu.

Basi tulienda kuwaambia. Tunakiri tulichelewa siku tatu, kila mmoja akitafuta mwingine wa kusema. Kaka mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: «Munataka kusema babu yetu alikuwa mwongo?» Hatukuwa na jibu zuri. Aliyetuokoa ni shangazi yao, mama mzee sana aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe na ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu tangu mwanzo. Alicheka. Akasema:

«Ile kofia? Ile haikutoka Tabora. Baba alikuwa mpishi wa muzungu wa barabara, ule aliyepigana kwabo Bulaya. Wakati muzungu alirudia, alimwachia kiti ya mbao, taa, na ile kofia. Ni nyie watoto mulianza kusema Tabora. Baba alikuwa anacheka tu, ananyamaza.»

«Sasa Tabora hakufika?»

«Alifika! Alienda anabeba. Alibeba masanduku ya risasi toka hapa Ruzizi. Mabega yake yalikuwa na alama mpaka alikufa.»

Watu walinyamaza ndani ya nyumba. Kaka mkubwa aliketi. Miaka yote ukoo ule ulisema askari, kumbe alikuwa mbebaji, na tuliona usoni mwake kwamba neno lile lilimwuma kuliko habari ya kofia. Tunamwelewa. Katika masomo yetu tulifundishwa majina ya maofisa, wakati mwingine tulifundishwa sifa za askari, lakini mbebaji hakuna aliyemtaja. Shangazi yeye hakuona aibu yoyote. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, akataja mahali baba yake alikopita kama mtu anayetaja vituo vya basi: Usumbura, Kitega, Kigoma, kisha reli. Ni njia ileile ya brigedi ya kusini, ya Kanali Olsen. Mama yule hakusoma kitabu chochote.

Kisha akamtuma mjukuu alete kopo la vifungo vya nguo. Ndani yake, kati ya vifungo na sindano, alitoa kipande cha shaba cha mviringo, kibaya, kimetobolewa katikati kwa msumari, watoto walikuwa wanakifunga shingoni mwa mbwa. «Hii ndiyo alileta,» akasema. Tulikifuta kwa mchanga kidogo (tusingefanya hivyo leo, sarafu ya kale haisuguliwi). Upande mmoja palitokea taji, chini yake D.O.A., kisha 1916, na herufi T. Upande wa pili: 20 HELLER.

Wanaojua sarafu wameelewa tayari. D.O.A. ni jina la Kidachi la Afrika ya Mashariki yao. Mwaka 1916, wakati meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari na pesa hazifiki tena toka Ulaya, Wadachi walipiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora, za shaba za heller 5 na 20, na hata za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Ile T ni Tabora. Kazi ilifanywa kwa haraka na vyombo duni, ndiyo maana sarafu nyingi zina sura mbaya na hazifanani. Miezi michache nyuma yake mji ulitekwa.

Hatuwezi kuapa kwamba mzee aliiokota siku ile ya 19 Septemba. Sarafu hutembea, huenda alilipwa, huenda alicheza karata akashinda. Lakini kati ya vitu viwili vya nyumba ile, kimoja kilizaliwa Tabora katika mwaka wenyewe wa vita, na hicho kilikuwa shingoni mwa mbwa, wakati kofia ya Magdeburg inalala katika kikwembe.

Tulirudi ofisini, tukakaa na karatasi ya kaka mkubwa mbele yetu. Hatukuipiga muhuri. Tuliandika nyingine: kwamba tumeona kofia ya askari wa miguu wa Prussia, ya kweli, iliyotolewa na ghala la Magdeburg mwaka 1909 kwa regimenti ya 27, haikubadilishwa ndege wake, ina kijirida kimoja; na kwamba, kwa ushuhuda wa binti yake, ilipewa mpishi na mwajiri wake Mbelgiji nyuma ya vita. Neno Tabora halikuwamo. Mnunuzi aliporudi alisoma karatasi mara mbili, akapiga hesabu, akatoa dola 250. Alama za chini ya ukingo, ambazo yeye mwenyewe hakuziona, zilimpendeza kuliko alivyotegemea. Watoto wanne kati ya watano waliingia masomoni kwa wakati, wa tano aliingia mwezi wa kumi na moja.

Kuhusu sarafu, mnunuzi aliiuliza pia. Shangazi alikwisha kuifunga kwenye ncha ya kikwembe chake. Tulimwomba ruhusa ya kuichora tu, na tuliandika siku ileile, kwa mkono wetu, majina yote ya mahali alipopita baba yake, toka Ruzizi mpaka reli, kwa namna alivyoyataja yeye. Karatasi ile iko katika kabati la shirika, na tunaomba familia nyingine ambazo zilikuwa na mbebaji katika vita ile zije kuongeza majina yao mbele ya wazee kuisha.